Embe, Wembe au Ng'ombe

Kijana wetu hakuwahi kuomba kitu. Tangu utotoni, ukimuuliza anataka nini, jibu lake lilikuwa "chochote tu, mama." Viatu vikimbana, hasemi, tulikuwa tunamwona anachechemea ndipo tunajua. Alipoingia jeshini na kupelekwa ng'ambo kulinda amani, mama yake alililia mambo mawili: umbali, na kwamba huko hakuna atakayemwona akichechemea.

Kwa hiyo siku aliyopiga simu akaanza kuomba kitu, nyumba nzima iliacha kupumua.

Simu zao ni za zamu. Kila askari hupewa dakika nne mara moja kwa mwezi, na sisi hatuwezi kumpigia. Mimi ni fundi redio, na kwa kuwa nyumbani tuko watano, niliona ni vizuri simu niiunganishe na spika ili kila mtu asikie. Spika yenyewe nilikuwa nimeitengeneza asubuhi ile.

Tukamsalimia. Mke wangu alimuuliza hali yake, hali ya wenzake na hali ya mkubwa wao. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Bibi, alitaka kujua kama huyo mkubwa ana watoto, na kama watoto nao hawajambo. Dada yangu, fundi cherehani, aliuliza joto la mchana na baridi ya asubuhi. Binti yetu mdogo naye akapata zamu yake. Halafu mimi nikaanza upya kabisa, maana ni baba wa nyumba na salamu za wengine hazihesabiki kuwa zangu. Nilikuwa bado niko kwenye "na usingizi je?" wakati spika ilipokoroma, kijana akasema, "Jamani, nina … mb … moja," na simu ikakatika.

"Mmesikia?" alisema mke wangu, machozi yakimlengalenga. "Mwanangu anataka embe moja."

"Wembe mmoja," nilisema. "Amebaki na wembe mmoja. Jeshini bila kunyoa ndevu ni adhabu."

"Baba, ni wimbo," alisema binti. "Anataka wimbo mmoja wa nyumbani."

Bibi alitutazama kwa huruma. "Ng'ombe mmoja. Masikio yangu ni ya zamani, lakini vya zamani ndivyo vilivyotengenezwa vizuri."

"Mama, ng'ombe wa nini?"

"Wako askari mia mbili pale. Ulitaka aombe kuku?"

Dada yangu alikuwa kimya, anachora kitambaa kwa chaki.

"Wifi, wewe umesikia nini?" aliuliza mke wangu.

"Niacheni."

"Sema."

"Nimesikia 'nina mimba moja.'"

"Shangazi! Kaka ni mwanamume!"

"Ndiyo maana nilinyamaza."

Sikutaka kuamua haraka. Nikachukua daftari, nikaandika kila mtu alikaa wapi, hatua ngapi kutoka kwenye spika, na neno alilosikia. Bibi ndiye aliyekuwa karibu zaidi, hatua moja na nusu. Aliniona nikiandika, akasema, "Na rangi ya ng'ombe uiandike. Mwekundu."

Mizigo ya askari hupokelewa kwenye kambi ya hapa kwetu, mwisho Alhamisi saa sita mchana, na isizidi kilo mbili. Ukiikosa hiyo, unasubiri miezi minne.

"Miaka ishirini na mitatu mtoto huyu hajaniomba kitu," mke wangu aliniambia jikoni. "Leo ameomba. Nikimpelekea sicho, atasema mama hakunisikia, na hataomba tena. Namjua."

Tukaamua kupeleka vyote.

Embe zilikuwa tatu. Wembe, pakiti moja. Binti alirekodi wimbo kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu, akiwa bafuni, kwa sababu huko ndiko sauti yake inapendeza. Bibi alikubali nyama ya kopo kwa shingo upande, baada ya kukagua picha ya ng'ombe kwenye karatasi ya kopo. "Amekonda," alisema, "lakini safari ni ndefu, asingefika mnene." Dada yangu alileta suruali mpya yenye kiuno cha mpira.

"Sisemi lolote," alisema. "Nasema tu kwamba mpira una subira."

Tulipopima, mzani ulionyesha kilo mbili na gramu mia tatu. Ukazuka ugomvi ambao sitauandika wote. Mwishowe mke wangu aliondoa embe mbili. "Si alisema moja?" akaufunga mjadala na boksi pamoja.

Pale kambini, sajini wa mizigo alikuwa mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Fomu yake ilikuwa na safu mbili: kitu, na sababu ya kukituma. Mimi ndiye niliyeijaza. Alisoma polepole.

"Embe moja. Tunda bichi halipiti, mzee." Akalitoa. "Wembe. Vyenye makali havipiti." Akazitoa. "Nyama ya kopo, sababu: ng'ombe. Sawa. Kadi ya wimbo, sawa. Suruali moja, sababu …" Aliisogeza karatasi karibu na macho. "Mzee, hapa umeandika 'mimba, haijathibitishwa.'"

"Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu, afande."

Sajini aliweka kalamu chini. "Kwani kijana mwenyewe alisema anataka nini?"

Mke wangu akamweleza. Nilikuwa nimesimama pembeni, na kadiri alivyoeleza ndivyo kola ilivyonibana. Alipofika kwenye ile "mb" nikaona sina budi.

"Spika ilikuwa na kasoro," nilisema. "Ilikuwa inameza irabu. Konsonanti zilikuwa zinapita vizuri."

Mke wangu aligeuka taratibu. "Ulijua?"

"Nilihisi."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipokoroma."

"Wiki nzima mama yangu anatafuta ng'ombe mwekundu, na wewe unapima hatua!"

"Nilitaka kwanza kupata uhakika."

Sajini alikohoa kistaarabu. "Mama, alisema 'nina ombi moja.' Wote huanza hivyo, wakiogopa kuwasumbua wazazi. Kisha dakika zinakwisha kwa salamu. Juzi nimemrudisha baba mmoja na pembe la swala."

Nina ombi moja. Nililisema kimoyomoyo, likakaa sawasawa kama nati kwenye skrubu. Lakini mke wangu hakufurahi. Alishika ukingo wa kaunta.

"Kwa hiyo ombi lenyewe hatukulisikia kabisa," alisema.

"Hamkulisikia."

Saa ya ukutani ilikuwa sita kasoro dakika saba. Mke wangu aliitazama, akalitazama boksi, kisha akachomoa kalamu mojawapo mfukoni mwa sajini bila kuomba ruhusa. Akaandika kwenye kipande cha karatasi: *Mwanangu, ombi lako tumelikubali. Mama.*

"Hujui ni nini," nilimnong'oneza. "Je, kama anataka kuacha kazi? Je, kama anataka kuoa?"

"Basi ataoa. Mtu wa 'chochote tu' akijikaza akaomba mara moja, humuulizi maswali. Weka ndani, afande."

Sajini aliweka karatasi juu ya nyama ya kopo, akapima, akagonga muhuri.

Mwezi uliofuata sikugusa spika. Nilipitisha sheria: hakuna salamu, hata moja, na atakayesalimia atatoka nje. Saa ya simu ilipofika tuliweka vichwa vitano juu ya meza kama watu wanaochungulia kisima.

"Haloo?" alisema kijana.

Kimya.

"Haloo? Mama? Hamjambo?"

"Sema ombi," alijibu mama yake.

Sauti ikatoka upande wa pili ikitetemeka: "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa!" tulipiga kelele wote kwa pamoja, jambo ambalo lilimtisha zaidi.

"Bibi yuko wapi?"

"Nipo, mjukuu wangu, mzima kabisa."

"Mbona sauti yako iko chini?"

"Baba yako amenikataza kukusalimu."

"Baba! Bibi amekukosea nini?"

Kumtuliza kulichukua dakika moja na nusu. Nilikuwa na saa mkononi. Alipoamini kwamba wote tuko hai na hatujagombana, alishusha pumzi.

"Karatasi yenu ilifika," alisema. "Asanteni kwa kukubali. Niliogopa mngeona ni mzigo."

"Ni nini, mwanangu?"

"Ni mzigo."

"Tumekuelewa, lakini ni nini?"

"Mzigo, mama. Boksi. Kuna mwenzangu hapa, analala kitanda cha pili. Hana mzazi wala ndugu. Siku ya mizigo huwa anakwenda kufua nguo ambazo hazijachafuka, ili asionekane anasubiri. Nilitaka kuomba zamu ijayo mumtumie yeye badala yangu. Niliposoma karatasi, nikamwambia mmekubali."

Mke wangu alifuta meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu.

"Badala yako, hapana," alisema. "Mtapata wote wawili. Anapenda nini?"

"Muulize mwenyewe. Huyu hapa."

Ikaja sauti nzito, ya mtu anayekanyaga polepole asivunje kitu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!"

Sheria yangu ikafa hapohapo. Akaniamkia mimi, akamwamkia Bibi, akamwamkia dada yangu, akamuuliza binti habari za shule. Tukamuuliza usingizi, chakula, mgongo, miguu. Bibi akauliza kama watoto wa mkubwa wao bado hawajambo. Aliitikia kila swali kikamilifu, hakuruka hata moja, na kila akimaliza alikuwa anasubiri lingine. Nilifunika saa yangu kwa mkono wa shati. Simu ilikatika Bibi akiwa anamuuliza kama meno yake ni mazima.

Mke wangu alikuwa ameshatoa boksi la pili chini ya kitanda na kuliweka mezani. Akashika kalamu, akainama kuandika, akasimama.

"Anaitwa nani?"

Tulitazamana. Katika salamu zote zile hakuna aliyeuliza.

"Tuna miezi mitatu ya kulijua jina lake," nilisema.

Akaandika KITANDA CHA PILI kwa herufi kubwa, akalisogeza boksi ukutani kando ya boksi jipya la kijana wetu. "Tuanze na soksi," alisema. "Sauti nzito namna ile, mguu wake si chini ya namba arobaini na nne."

"Arobaini na tano," alisema dada yangu, akinyoosha mkono kuchukua futi yake ya kupimia. "Nimesikia vizuri."