Pazia la Magunia ya Salvu

Binti yangu Teresa aliponiambia kile kiwanda kitageuzwa kituo cha sanaa, nilimjibu kwamba kama wana akili wakibomoe. Kiwanda kilichommaliza baba yake, leo watu waende kuchora maua ndani? Mume wangu Salvu alifanya kazi pale miaka ishirini na miwili, akichanganya asbesto na saruji kutengeneza vibao vya kujengea. Nusu ya nyumba za mji wetu ni za vibao hivyo. Vumbi lilimkaa mapafuni kimyakimya, na alipostaafu ndipo likaanza kumtesa. Alikufa akiwa ameketi, maana kulala hakuweza tena.

Teresa alinuna, nami nikanuna. Tukakaa miezi minne hatutembeleani. Kilichoniuma hasa ni kumkosa mjukuu wangu Ivy, mtoto wa miaka saba, aliyezoea kushinda kwangu kila akitoka shule.

Mwishowe nilishindwa mimi. Halmashauri ilileta watu waliovaa nguo nyeupe na barakoa, wakaondoa paa, wakaosha mpaka sakafu, wakatoa cheti kwamba mahali ni salama. Basi Jumamosi moja ya kujitolea nikaoka keki ya tende, nikaenda. Nusu ya mji ilikuwepo, wengine wanapaka rangi, wengine wanachoma soseji. Teresa alikuwa juu ya ngazi. Alishuka, akaipokea keki, akasema, "Umechelewa, Mama. Shika brashi." Nikaishika.

Kulikuwa na kitu kimoja walichokosa, pazia la jukwaa. Nikajitia mbele, nikasema kitambaa kizito ninacho mimi. Bandani kwangu kulikuwa na magunia arobaini aliyoyaacha Salvu. Enzi zile magunia yaliyoletewa asbesto yalipitishwa kwenye mashine ya kuyakung'uta, kisha wafanyakazi wakaruhusiwa kuyachukua. Tuliyatandika chini ya zulia, tukatilia viazi, na Salvu mwenyewe akisema hayana neno, yamekung'utwa. Wale wa nguo nyeupe walikwenda kiwandani, hawakuja bandani kwangu.

"Angalau kitu kimoja cha baba yako kiwe mle ndani," nilimwambia Teresa, naye akanikumbatia mbele ya watu.

Tuliyaanika uani kwangu, tukayapiga yatoe uchafu wa miaka. Ivy alipiga kwa raketi ya tenisi, huku anacheka na kupiga chafya, nyusi zimekuwa nyeupe. Nikamtania kwamba sasa yeye ndiye bibi na mimi mjukuu. Nilishona wiki tatu, na siku hizo nilikuwa na furaha kuliko wakati wowote tangu nimzike mume wangu. Mawili yaliyobaki nikamshonea Ivy vazi la kangaruu, na mfuko wake tumboni. Akawa halivui hata kwenda kulala.

Siku ya ufunguzi, Jumapili mchana, ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele nilimweka Bruno, aliyekuwa rafiki wa Salvu tangu kiwandani, na mtungi wake wa oksijeni pembeni. Watoto, Ivy akiwa kati yao na vazi lake la kangaruu, wakavuta pazia likafunguka, watu wakapiga makofi. Bruno hakupiga. Alikuwa analikodolea macho.

"Shemeji, hilo pazia umelitoa wapi?"

Nikamweleza, tena kwa majivuno, nikingoja anisifu.

"Magunia ya kiwandani?"

"Ya Salvu."

Alivuta hewa kutoka kwenye mtungi, akavuta tena. "Lorna, mimi sikuwahi kuchanganya asbesto. Wala vibao sikukata. Miaka yangu yote pale nilikaa kwenye mashine ya kukung'uta magunia."

Sijui niliinukaje. Nakumbuka nilipanda jukwaani, nikamshika Ivy, nikamvua lile vazi mbele ya watu wote, naye akalia kwa aibu kwa sababu ndani alikuwa na chupi tu. Teresa alinifokea kwanza, mpaka nilipomwambia.

Wale wa nguo nyeupe walirudi. Walibeba pazia ndani ya mifuko ya plastiki, wakabeba zulia langu, wakabeba na banda. Kituo kimezungushiwa uzio, na wanasema kitabomolewa. Nimepata nilichotaka.

Daktari alimpima Ivy akasema hakuna kinachoonekana, na kwamba kama kipo hakiwezi kuonekana sasa. Ugonjwa huu husubiri miaka thelathini, arobaini. Mimi nina sabini na minne. Sitakuwepo kujua nimemfanya nini mtoto yule.

Teresa hanilaumu. Afadhali angenilaumu. Ananiletea Ivy kila baada ya shule kama zamani, na juzi tulikuwa mezani sote watatu, Ivy akaniuliza kama wale watu watamrudishia kangaruu wake. Halafu akakohoa, kidogo tu, kama anavyokohoa mtoto yeyote, na Teresa akainuka akatoka nje.