Kiti cha Katikati

Onyesho la kwanza la filamu lilikuwa la saa tisa alasiri. Dada mkubwa alitoka kwa dobi, anakofanya kazi, mikono ingali na joto la pasi, akaketi safu ya nne, kiti cha ukutani kabisa, kumtazama mdogo wake akiimba.

Sauti ilikuwa yake yeye mkubwa. Aliirekodi kwa siku tatu katika chumba kilichozibwa kwa magodoro, nyimbo saba, kisha mdogo wake akapelekwa kisiwani kuchezesha midomo. Mdogo alijaliwa sura, mkubwa koo. Mwongozaji aliahidi kwamba jina la mwimbaji litaandikwa mwishoni.

Filamu ilikuwa ya kuchekesha: minazi, mashati ya maua, mpishi wa hoteli anayetumbukia baharini kila akitaka kuposa. Wimbo wa kwanza ulipoanza, wachezaji wote ufukweni, mle ndani ya filamu, walimpa kisogo mdogo mtu, wakageukia ukutani alikoketi dada mkubwa na kumchezea yeye. Kasuku naye akageuka. Watazamaji wa upande wa pili waliona migongo tu, wakalalamika.

Meneja alikuja na tochi.

"Dada, samahani, hebu hamia katikati. Wanakufuata wewe."

"Kwa sababu ninayeimba ni mimi."

"Sijakataa. Ila watu wamelipia nyuso."

Akahamia. Wachezaji wakanyooka, ukumbi ukatulia. Macho yote yalikuwa kwa mdogo wake, na wivu ukamshika dada mkubwa. Alimpenda, alimbeba mgongoni, alimsuka nywele. Lakini alasiri ile alitamani mdogo wake ateleze pale gatini alipokuwa akiimba, aanguke majini, kasuku akimwona.

Mwishoni majina yalipita: la mpishi, la aliyeshona mashati, la aliyemlisha kasuku. Penye mwimbaji paliandikwa jina la mdogo wake. Taa zikawaka, mdogo mtu mwenyewe, aliyealikwa siku hiyo, akasimama mbele, akapigiwa makofi mpaka akalia.

Dada mkubwa alimngoja mlangoni.

"Umenifuta."

"Ningefanyaje, dada? Wamesema nikifungua mdomo kukutaja, filamu itakufa. Kwani sisi si nyumba moja?"

"Nyumba ni moja. Mwenye kukaa barazani ni wewe."

Kesho yake dada mkubwa alisusa kwenda. Wachezaji wakageuka wote kuelekea kwa dobi, mitaa miwili kutoka pale, na watu wakatazama visogo saa nzima na nusu. Meneja akaenda kumwombea ruhusa kwa tajiri wake. Tangu hapo alitengewa kiti cha katikati, kila siku saa tisa. Alikwenda. Angalau kule kisiwani walijua.

Siku ya tisa, mama mmoja aliyekaa nyuma yake alimgusa bega.

"Inama kidogo, mwenzangu. Unatuziba, hatumwoni mwimbaji."

Dada mkubwa akainama. Kisiwa kizima, minazi kwa watu, kikainama naye. Akabaki mdogo wake peke yake wima, anaonekana vizuri.