Ubeti wa Mwalimu Obadia

Kiharusi kilimwachia Mwalimu Obadia mkono mmoja, akili zake zote na ulimi mzito. Kwaya aliyoifundisha tangu ujana wake ilikuwa imetoka Itigi hadi Singida mjini kurekodi kaseti, na wimbo wa kwanza aliutunga yeye. Kinanda, ngoma na waimbaji walikwisha kurekodiwa. Yeye akaimba ubeti wake peke yake, mwisho. Sasa walikuwa wakiusikiliza, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni. Maneno yalikuwa yenyewe, ila yalichelewa. Kabla hajamaliza mstari, kiitikio kilikwisha kumkanyaga.

"Mwalimu apumzike," alisema Bonaventura, mwenyekiti wa kwaya, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. "Ubeti ataimba kijana wetu Laurian."

Felista, mke wa mwalimu, yalimkata maini. Watu hufa, kaseti hubaki. Nani angejua kesho kwamba Obadia aliwahi kuimba?

"Ngojeni kwanza, wazee wangu," alisema Sultani, mwenye studio. Studio gani! Chumba nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, trei za mayai ukutani, na kompyuta kutoka Dubai, maana tangu bidhaa za nje zifunguliwe milango mjini hapakosekani kitu. Lakini kwenye kioo chake kila sauti ilikuwa na mstari wake. Noti za kinanda zilipangwa kama vitofali, na chini yake ililala sauti ya Obadia, ina vilima na mabonde. Sultani akashika kipanya, akaikata kila palipokuwa na pumzi, akavivuta vipande nyuma, kimoja kimoja. Akabonyeza.

Obadia akaimba sawasawa na ngoma! Felista alijishika mdomo. Siku zote alijua maji yakimwagika hayazoleki, na neno lililokwisha kuimbwa ndiyo kabisa. Leo aliyaona yakizolewa mbele ya macho yake. Kwaya ikapiga makofi.

Obadia peke yake alitikisa kichwa. "Huyo," alisema, akilitafuta kila neno, "hapumui. Si... mimi."

Bonaventura akakohoa. Laurian alikwisha kusimama.

Felista alikuwa bado anakitazama kile kioo. "Mwanangu," alimwambia Sultani, "kama yeye anasogezeka, hawa wengine wamegongelewa misumari?"

Sultani alimgeukia, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akaurudisha ubeti pale ulipoimbwa, na pumzi zake zote. Akavisogeza mbele vitofali vya kinanda, vimngojee mzee. Akaisogeza ngoma. Waimbaji akawakata, akawasukuma mpaka Obadia amalize. Kazi ile ilimla mchana mzima, na chai aliyoletewa ikapoa mezani.

"Sikiliza sasa, mwalimu," alisema.

Kinanda kikaanza, kikatulia. Sauti nzito ikaingia bila haraka, ikavuta pumzi, na ngoma nayo ikangoja. Felista hakuwa amepata kuusikia wimbo ule ukiwa mkubwa vile. Alimwogopa mume wake, kama mtu anavyoogopa kanisani. Obadia akainua mkono wake mzima, kama alivyowainulia miaka yote, akauzuia hewani mpaka neno lake la mwisho likatimia.

Akaushusha. Kwaya ikaitika, ya kwenye spika na ya chumbani.