Juzuu Ambazo Hazikusafishwa

Siku Zahran alipotoka asirudi ilikuwa Jumatatu, na kompyuta aliiacha inawaka. Alikuwa akihamisha mafaili kutoka folda moja kwenda nyengine, kazi ndefu, naye alikuwa na haraka ya kuwahi gari ya kwenda Mkoani, bandarini. Alivaa kofia yake mlangoni, akamwambia mkewe, "Usiizime. N'kirudi n'taizima mwenyewe." Zuweina alikuwa akimenya muhogo. Aliitikia bila ya kuinua kichwa.

Saa saba mchana alirejeshwa amelazwa nyuma ya gari, amefunikwa kanga ya mtu wasiyemjua. Alianguka kwenye foleni ya tiketi za boti. Alikuwa anakata tiketi ya kwenda Unguja kununua diski ya kompyuta, maana ya zamani ilikuwa imeshaanza kumpa wasiwasi.

Walimzika siku ile ile baada ya alasiri. Ulikuwa ule mwaka wa uchaguzi kurudiwa, na kijijini Kengeja watu walikuwa wakichagua kwa vyama hata maiti wa kumzika na duka la kununua kibiriti. Mabruki, mwenye duka la simu na kompyuta karibu na skuli, alikuwa wa chama cha upande wa pili. Alikuja makaburini, akatia mchanga mara tatu, akaondoka bila ya mtu kumpa mkono. Zuweina alihadithiwa hayo baadaye na wanawake waliokuja kumpa pole.

Akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki ila kwa dharura, wala haonani na mwanamme asiye maharimu wake, yaani yeyote anayeweza kumuoa. Fahd, ndugu wa marehemu, alikuwa akija kila siku kumjulia hali, naye akizungumza kutoka ukumbini, pazia katikati. Ni Fahd aliyesema kompyuta isizimwe, isome Kurani nyumbani mchana kutwa, na iwe sauti ya Zahran mwenyewe aliyojirikodi. Zuweina hakuhitaji kushawishiwa. Usiizime, aliambiwa, na neno la mwisho la mtu ni wasia.

Basi ikasoma. Umeme ukikatika, ikizimika. Umeme ukirudi, ikijiwasha yenyewe kama Zahran alivyoipanga, na mmoja wa wageni akibonyeza, ikaendelea. Siku nyengine umeme ulikatika mara sita. Watu waliokuja kutoa mkono wa pole wakisema mashaallah, marehemu anajisomea mwenyewe. Zuweina akiona fahari. Hakujua kuwa walikuwa wanaimaliza kidogo kidogo.

Zahran alikuwa amesoma juzuu zote thelathini kwa muda wa miaka sita, kila baada ya sala ya alfajiri, mbele ya kinasa sauti kidogo alichokiegemeza kwenye kikombe. Kisha akazisafisha: akakata kikohozi, akakata jogoo, akakata mlio wa sufuria. Zile safi aliwagaia watu kwenye kadi za simu, na Kengeja nzima wanazo. Lakini zile chafu hakuzifuta, na hazikuwepo pahala pengine popote duniani ila ndani ya kompyuta ile. Humo, baina ya aya na aya, Zahran alikuwa akisita. Alikuwa akiuliza kama chai imeshachemka. Alikuwa akisema, "Jogoo huyu, Zuwe, Ijumaa haimkuti."

Katika wiki ya sita, mgeni mmoja alibonyeza pasipo, ikaanza moja katika zile chafu. Zuweina alikuwa uwani na sahani za wageni. Alipoingia chumbani kompyuta ilikuwa kimya, kimya kirefu cha mtu anayedhani kinasa sauti keshakizima. Kisha Zahran akasema taratibu, "Ya Rabbi, usinitangulizie Zuweina."

Umeme ukakatika pale pale. Uliporudi, juzuu nyengine ilianza, ya zile safi. Hakumbuki sahani alizitia wapi. Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja tu: aisikie tena. Na hakujua iko katika juzuu gani.

Siku mbili baadaye ndipo kompyuta ilipoanza kugonga. Ki, ki, ki, kisha kimya, kisha ki tena, kama kucha juu ya bati. Kila ilipogonga sauti ya Zahran ilikwama, akarudia herufi ile ile mara nne tano. Zuweina akawa hali vizuri. Alikuwa akiswali karibu na meza ili asikilize, kisha akijilaumu kwa sala isiyo na utulivu.

Akatafuta kwenye droo ya meza na akakuta karatasi. Zahran na Fahd walikuwa wamebishana mwaka mzima nini kinunuliwe. Fahd akitaka laptopu mpya na kisanduku cha kuunganisha televisheni na mtandao, nyumba ionekane nyumba. Zahran aliandika kwa hati yake ya kulalia upande: Diski mbili. Betri ya kushika umeme. Basi.

Zuweina akapiga simu dukani kwa Mabruki. Hakumtaka Mabruki, hakuweza kumwona. Alimtaka Nahla, bintiye, aliyejifunza ufundi kwa kukaa miguuni pa baba yake. Nahla alikuja na buibui lake na bisibisi mfukoni. Fahd alikuwepo ukumbini, akasalimiwa, akaitikia kwa shida.

Nahla hakugusa kitu kwanza. Aliweka sikio juu ya sanduku la kompyuta kama mkunga.

"Imewaka muda gani hivi?"

"Tangu siku ile."

Msichana akamtazama. Akasema kwa upole kuwa diski ya namna ile ina sahani inayozunguka na sindano inayopita juu yake. Sindano imeanza kugota, na kila dakika inayowaka inakula ilichobakisha. Ingekuwa imezimwa tangu mwanzo pengine isingefika hapa. "Diski ikigonga, Bi Zuweina, inaaga. Izimeni. Isiwashwe tena mpaka mpate ya kuhamishia."

"Aliniambia nisiizime."

Ukumbini Fahd akakohoa. Zuweina akasimama mbele ya meza muda mrefu kuliko inavyohitajika kubonyeza kitufe, kisha akakibonyeza mwenyewe. Nyumba ikawa kama siku ile ya Jumatatu mara ya pili.

Kabla ya kuondoka Nahla aliwaeleza nini cha kununua. Kuhifadhi, kutazama na kazi za kila siku ni mambo matatu, wasiyatie kapu moja. Kwa kuhifadhi, diski mbili kubwa za kawaida, nakala ile ile kwenye zote, na moja isilale nyumba hii. Kwa kutazama, televisheni waliyonayo inasoma diski ikichomekwa nyuma. Kwa kazi, kompyuta hii hii itiwe diski ndogo nyepesi, na betri, maana umeme wa kisiwani wanaujua. Zuweina akaitazama karatasi ya marehemu. Ilikuwa karibu ni maneno yale yale.

Duka la Mabruki lilikuwa hatua mia mbili. Fahd hakutaka kununua kwa mtu wa chama kile; akasema ataziendea Unguja.

Akaenda. Bahari ikachafuka, boti hazikuja siku nne, kisha akasema anatafuta bei, kisha simu yake ikawa haipatikani. Siku kumi na mbili Zuweina alikaa na kompyuta iliyozimwa. Kila aliyeingia na kunyoosha mkono kutaka kuwasha Kurani, alimshika mkono. Wengine walinung'unika kwamba mjane gani huyu, kazima Kurani. Aliota mara mbili kuwa mtu ameiwasha, akaamka kwenda kuigusa kama ina joto.

Fahd alirudi na furaha. Aliingiza mizigo ukumbini akaisukuma chini ya pazia: laptopu nyembamba yenye kioo kikubwa, na kisanduku cheusi cha kuunganishia televisheni. "Shemegi, hii unatazama Makka moja kwa moja."

Nahla alikuwa ameshaitwa. Akaifungua laptopu, akasoma karatasi yake, akauliza, "Ami Fahd, diski zi wapi?"

"Za nini tena? Laptopu ina nafasi yake. Na hiki kisanduku kinaweka mtandaoni."

"Hiki hakiweki, kinatazamisha tu. Na laptopu hii nafasi yake haifiki robo ya alivyoacha Mzee Zahran. Mtandaoni, kwa bando la Kengeja? Tutamaliza kupandisha kiama kishafika uwani."

Fahd akasema kwa sauti ndogo kuwa muuzaji alimhakikishia.

"Baba anazo diski mbili," Nahla akasema. "Ziko kabatini tangu kabla ya msiba. Amuuzie nani, wateja hawaingii?"

Zuweina akafikiria foleni ya tiketi Mkoani, na mumewe amesimama juani kufuata kitu kilichokuwa hatua mia mbili kutoka nyumbani kwake.

"Kazilete," alisema.

"Shemegi, watu watasema."

"Waseme. Mie niko eda, sisikii."

Nahla akaenda akarudi kabla ya adhana ya adhuhuri. Akachomeka diski ya kwanza, kisha akaeleza jambo moja ambalo Zuweina hakulitaka: kompyuta itawaka mara moja, na huenda isimalize. Lazima wachague kianze nini.

Fahd akasema zile juzuu safi, hakuna cha kufikiria. Ni maneno ya Mungu, na ni sadaka inayomwendea marehemu.

Zuweina aliona haya kama mtu aliyeombwa avue ushungi mbele za watu. Atasemaje kuwa anataka kikohozi, jogoo na chai?

"Zile safi watu wanazo kwenye simu zao, zikipotea tutawaomba," alisema hatimaye. "Hizi nyengine mwenye nazo ni mimi tu. Anza na hizi, Nahla. Anza na ya kwanza, kama alivyoanza yeye."

Kutoka nyuma ya pazia Fahd akasema, "Haya."

Ikawaka. Ikagonga, ikanyamaza, ikaanza kusoma. Nahla alikaa kitini na Zuweina akakaa mkekani, na majina ya juzuu yakapita moja moja kwenye kioo, nyengine kwa robo saa, nyengine kwa saa nzima. Ya kumi na tano ilikwama mpaka Zuweina akashika mguu wa meza. Ikapita. Ya kumi na tisa ilipokwisha, kompyuta ikagonga mara tatu, ikatoa mlio mwembamba, na haikusoma tena siku ile wala siku nyengine yoyote.

Juzuu kumi na tisa zilipatikana. Kumi na moja hazikupatikana. Zile safi zilikusanywa kutoka simu za majirani, na Mabruki mwenyewe alileta kadi yake mpaka barazani, Fahd akaipokea mkononi mwake.

Diski moja imo kabatini kwa Zuweina, ya pili iko Mkoani kwa khalati wa Nahla, dada wa mama yake. Laptopu anatumia Fahd. Eda imekwisha. Kila siku baada ya alasiri Zuweina huchomeka diski nyuma ya televisheni, akasikiliza kipande cha juzuu bila ya kuruka kitu, hata pale penye kimya. Sasa yuko juzuu ya kumi na moja. Ile dua hajaisikia bado.