Mteja Hakupatikana

Simu kutoka Ngumbo, kijiji cha ziwani, iliita Jumatatu asubuhi, Hildegardi akiwa na pini nne mdomoni na suruali ya mwalimu Joakim juu ya cherehani. Alizitema pini kiganjani, akapokea kwa furaha. Alijua ni Bibi Ottilia, na alijua bibi anapiga kushukuru.

"Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia. Hildegardi akadhani mtandao umekatika, akarudia shikamoo yake kwa sauti kubwa zaidi.

"Nimekusikia," bibi alisema. "Gauni lako limefika. Limefika leo. Komunyo ilikuwa jana."

Hildegardi alikaa chini.

"Mjukuu wangu Emiliana alipanda altareni na sketi ya shule," bibi aliendelea. "Wenzake weupe kama yangeyange, yeye peke yake na bluu yake kama aliyepotea njia. Katekista alimwonea huruma akamsogeza nyuma ya mstari. Nyuma! Mtoto aliyejua katekisimu kuliko wote. Ijumaa kutwa nilikaa na simu mapajani kama ninalea. Jumamosi hivyo hivyo. Hata shamba sikwenda."

"Bibi, nisamehe. Nitakurudishia pesa yako yote."

"Pesa utanirudishia. Jumapili nani atanirudishia?" Na akakata.

Hildegardi alikuwa fundi wa nguo za kanisani, mwenye kibanda chake karibu na soko la Mbinga. Magauni ya komunyo, mashati ya kipaimara, sare za kwaya, vyote vilipita mikononi mwake. Tangu binti yake Clemence amfungulie ukurasa kwenye soko la mtandaoni, aliuza mpaka parokia ambazo hajawahi kuziona. Soko hilo lilikuwa na kampuni yake ya vifurushi, na muuzaji hakuruhusiwa kutumia nyingine. Kando ya jina la kila muuzaji palikuwa na alama ndogo ya kijani na maneno: Mizigo yake hufika kwa wakati. Watu wengi walinunua kwa kuiamini alama hiyo. Bibi Ottilia alikuwa mmoja wao.

Hakumaliza suruali ya mwalimu. Alifunga kibanda, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaelekea ofisi ya vifurushi kwa mwendo wa mtu anayekwenda kugombana.

Meneja wa ofisi aliitwa Zabron, kijana nadhifu mwenye sauti laini. Alimkaribisha kiti. Hildegardi alikataa kukaa. Zabron akaandika namba ya kifurushi kwenye kompyuta, akamgeuzia kioo aone mwenyewe.

"Kifurushi hiki hakina tatizo, mama. Kipo kijani."

"Kijani maana yake nini?"

"Kimefika ndani ya muda."

"Kilitakiwa Ijumaa. Kimefika leo Jumatatu. Huo muda ni wa wapi?"

Zabron alitabasamu kwa subira, na tabasamu lile ndilo lililomchoma Hildegardi kuliko maneno. "Ijumaa kilipelekwa, mama. Soma hapa: mteja hakupatikana. Ikitokea hivyo saa yetu inasimama, inaanza tena mteja akipatikana. Si haki sisi kuhesabiwa kosa la mteja."

"Bibi wa watu alikuwa nyumbani kwake."

"Huenda simu yake ilizima chaji. Wazee wetu unawajua."

Hildegardi alitaka kumjibu, ndipo akakumbuka. Ijumaa. Ijumaa ile mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mchana Meshack, mwendesha pikipiki wa kampuni hiyohiyo, yule wa njia ya ziwani, alikuja kibandani kwake kushonewa koti la mvua lililochanika kwapani. Alikaa pale akinywa chai mpaka jioni. Alisema mwenyewe kwamba mbele ya Liuli maji yamebeba kalvati, hakupitiki kwa gari wala kwa pikipiki. Ngumbo ipo mbele ya Liuli. Sasa huyo aliyefika mlangoni kwa Bibi Ottilia asimkute alipita wapi, angani?

Hakulisema hilo mbele ya Zabron. Alitoka bila kuaga, akamtafuta Meshack mpaka akampata kwa fundi pikipiki, ameinamia mnyororo wa pikipiki, mikono myeusi kwa grisi.

"Meshack, Ijumaa ulikwenda Ngumbo?"

"Mama Clemence, si nilikuwa kwako?"

"Basi nani kaandika kwamba bibi hakupatikana?"

Meshack alitazama huku na huku. Fundi alikuwa mbali kidogo, anapiga nyundo. "Si mimi. Sisi tukirudi na mzigo, jioni ofisi inaufunga kwenye kompyuta kwa kuandika sababu. Ukiachwa wazi unakuwa mwekundu, na ofisi yenye wekundu mwingi inaandikiwa onyo na Dar."

"Kwa nini wasiandike barabara imekatika?"

"Barabara ikikatika saa haisimami. Inasimama kwa mteja tu."

Hildegardi alishikwa na hasira. Alimfikiria yule mzee, amekaa kwenye mkeka wake na simu mapajani, huku mtu asiyemjua, mbele ya kioo mjini, anambandika kosa ili saa isimame. Na si yeye tu. Alikumbuka wateja wake wengine wa ziwani, wale aliowajibu kwa mkato kwamba wajifunze kuwa karibu na simu zao. Aliwagombeza watu ambao hawakuwa na hatia.

"Tafadhali usinitaje," Meshack alisema. "Nina watoto, mama."

"Sitakutaja. Ila sitanyamaza."

Alipiga simu makao makuu ya soko la mtandaoni, akazungushwa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, akiambiwa asubiri huku muziki ukimchezea sikioni. Mwishowe akapokewa na dada aliyejitambulisha kama Restituta, mkuu wa kupima ufikishaji. Hildegardi alimweleza yote kasoro jina la Meshack. Alisema kwa ukali, na alipoona machozi yanamkaribia, akaongeza ukali.

"Ijumaa hakuna aliyeshuka Ngumbo. Mpigie yeyote wa huku, hata padri, atakuambia. Mnapima nini nyie kama mnapimiwa na yule yule anayechelewa?"

Restituta hakubishana naye. Alisema hata wao walikuwa wakishangaa kwa nini wateja wa mwambao ule hawapatikani kila mvua ikinyesha. Alimshukuru, akaahidi kubadilisha kipimo: kuanzia hapo saa haitasimama mpaka mteja mwenyewe athibitishe kwa ujumbe kwamba ni kweli hakuwepo.

Na kweli walibadilisha. Hildegardi alijiona ameshinda. Alimpigia Bibi Ottilia kumweleza, na safari hii bibi aliitikia shikamoo, japo kwa unyonge, akasema haidhuru, mtoto amelivaa gauni Jumapili iliyofuata, watu wakamsifia.

Mvua ziliendelea. Ofisi ya Zabron ikawa nyekundu kama pilipili. Kisha asubuhi moja Clemence alikuwa anapokea oda ya mteja wa Lituhi, akamwita mama yake aje aone. Kila alipoandika jina la kijiji cha ziwani, Lituhi, Ngumbo, Liuli, kioo kilijibu kwa maneno yale yale: Samahani, eneo hili halihudumiwi.

Hildegardi alimpigia Restituta papo hapo.

"Ni uamuzi wa muda," Restituta alisema. "Kampuni ya vifurushi imesema njia ile haiwezi kutimiza ahadi. Na kusema kweli, mama, tangu tuiondoe, ufikishaji wa mkoa wenu umekuwa mzuri sana. Karibu kila mzigo unafika kwa wakati."

"Kila mzigo upi? Wa Mbinga mjini na Kitai, mizigo ya kando ya lami?"

"Ndiyo iliyobaki kwenye hesabu."

"Nilikuomba mseme ukweli, sikukuomba mfute watu!" Hildegardi alipiga kelele mpaka muuza viatu wa jirani akachungulia. "Kwanza mliwafanya waongo, sasa mmewafanya hawapo. Bora mngechelewa! Mtu akichelewa anakuja. Mtu akichelewa ninamgombeza, anakuja, tunaendelea!"

Restituta akasema atalifikisha suala hilo mbele. Hildegardi alikata simu yeye mwenyewe, kabla ya kukatiwa. Alimwambia Clemence aifute ile alama ya kijani kando ya jina lake. Clemence alijaribu, akasema haifutiki, soko ndilo linaloibandika. Basi Hildegardi akamwambia aufute ukurasa wote. Clemence alimtazama mama yake usoni, akaufuta.

Kesho yake Meshack alikuja kibandani, amevaa lile koti la mvua japo jua lilikuwa linawaka. Hakukaa.

"Wamenipunguza," alisema. "Njia imefungwa, mwenye njia wa nini? Umemwaga unga wangu, Mama Clemence. Nilikuambia nina watoto."

"Sikukutaja."

"Hukunitaja, ndiyo. Ulinitaja au hukunitaja, nipo nyumbani."

"Ulitaka ninyamaze? Wazee waendelee kuandikiwa uongo ili wewe ule?"

"Nilitaka ukasirike na walio juu. Hasira yako imewapita wao, imenikuta mimi huku chini."

Hasira ilimzidi Hildegardi. Alikasirika na Zabron aliyebaki na kiti chake, na Restituta na sauti yake ya upole. Alikasirika na Meshack kwa kuwa alichosema kilikuwa kweli. Hakumwomba msamaha. Badala yake alivuta gunia kutoka chini ya meza, akalitupa mbele ya miguu ya Meshack. Ndani mlikuwa na oda za ziwani zilizokwisha kushonwa kabla njia haijafungwa.

"Pikipiki ni yako au ya kampuni?"

"Yangu."

"Basi peleka. Nitakulipa mimi. Na mama wa vitabu pale kona ana mizigo ya Liuli imemlalia, naye atakulipa. Huna meneja."

Meshack alilitazama gunia. Alionekana kama atalipiga teke. Kisha aliinama, akalifunga mdomo kwa kamba, akalibeba begani, akatoka.

Wiki zilipita wakifanya kazi hivyo, wateja wa ziwani wakiagiza kwa simu. Muuza viatu aliongeza mizigo yake, na mwalimu mmoja wa Mkumbi aliyekuwa akiwauzia watu wa ziwani miche ya matunda akaongeza yake. Siku nyingine Meshack alirudi na usipa mkavu, dagaa wa ziwani, ambao wateja walimtumia Hildegardi, akauweka mezani bila neno. Walizungumza ya kazi tu. Clemence alijaribu kuwapatanisha kwa chai, Meshack akainywa akiwa amesimama nje.

Kisha mvua ya mwisho ya msimu ikashuka kwa nguvu. Hildegardi alikuwa anapiga pasi shati la kipaimara simu ilipoita.

"Nipo Liuli," Meshack alisema, bila salamu. "Mto umefurika. Leo sifiki Ngumbo."

"Umewaambia?"

"Nimewapigia wote, mmoja mmoja. Wamenitukana vizuri tu."

"Na wewe umewajibu nini?"

"Nimewaambia wana haki. Kesho nitavuka, maji yakipungua. Yasipopungua, keshokutwa."

Akakata bila kuaga. Hildegardi aliirudisha simu mfukoni, akaishika tena pasi na kuanza kunyoosha kola, akisaga meno. Akirudi atamgombeza, kisha wataendelea.