Asili ya Neno Taharuki

Saa nne kasoro kumi, Bi Te alikuwa akichonga penseli yake ya tatu pale marehemu mdogo wake alipoingia ofisini na wenzake kumi na wanane, wote na aproni za kazini, wakapanga foleni mbele ya meza. Bi Te ni jina la utani. Alikuwa amehariri herufi T ya kamusi kwa miaka kumi na mmoja, na wahariri wa herufi nyingine walimtania kwamba atastaafu hajavuka "tumbo".

"Shikamoo, dada," mdogo wake akasema.

"Marahaba. Mbona mmechelewa? Neno lenu linakwenda kwa mchapaji Ijumaa."

Walikuwa mafundi cherehani wa kiwanda cha mashati. Siku ya moto, mlango wa ngazi ulikuwa umefungwa kufuli kwa nje, kama kila siku, ili mtu asitoroke na shati. Ripoti ya uchunguzi ilisema wamekufa kwa sababu ya taharuki. Kufuli halikutajwa popote.

Bi Te akawasomea kadi. Taharuki: hofu ya ghafla inayofanya watu wakimbie ovyo. Asili: Kiarabu, kusogea.

"Tulisogea wapi?" akauliza fundi wa vifungo.

"Hatukukimbia ovyo, dada," mdogo wake akasema. "Tulisimama foleni, huyu wa vifungo akawa anachokonoa bawaba za mlango kwa mkasi. Hofu ilikuja mwishoni kabisa, na ilitokea pale mlangoni."

Bi Te akachukua kifutio. Akafuta, akaandika: Asili: mlango uliofungwa kwa nje. Wote kumi na tisa wakatia saini, mmoja mmoja, bila kusukumana.

Mkuu wa kamusi alikuwa mtu mpole. Aliwauliza marehemu kama wangependa viti, kisha akaisoma kadi polepole.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Ila kanuni inataka shahidi awe hai."

"Humo ndani hakutoka aliye hai, mzee," Bi Te akajibu.

"Najua. Pole sana, mama. Hiyo ni kanuni, si mimi."

Kamusi ikatoka na jalada la kijani, na watu bado wakakimbia ovyo katika ukurasa wa mia nne na kumi na mbili. Bi Te alilia chooni, akanawa uso, akarudi mezani. Marehemu wanaendelea kuja saa ileile. Yeye huwaandikia kadi mpya kwa ajili ya toleo lijalo, maneno yaleyale, nao hutia saini. Siku zenye kazi nyingi fundi wa vifungo humchongea penseli.

Wiki iliyopita mdogo wake aliuliza kama kiwanda kimefunguliwa.

"Kimefunguliwa. Wameajiri wasichana wengine, wengi tu."

"Na mlango?"

Bi Te alikuwa amepita pale asubuhi hiyohiyo. "Wamenunua kufuli jipya," akasema.

Mdogo wake akaitikia kwa kichwa. Akawageukia wenzake, akawaomba wabanane kidogo kuelekea mezani, na wote wakasogea, ili kule nyuma, karibu na mlango, pabaki nafasi.