Mashine Iliyoitwa Nimo

Nimo Hillow alikuwa amepata nafasi ya kufunzwa kazi ya maabara katika hospitali kubwa iliyo karibu na kwao, mtaa wa Bordesley Green katika mji mmoja wa Waingereza. Kilichobaki ni kumwambia Mzee Rajinder kwamba anaacha kazi, na hapo ndipo aliposhindwa.

Mzee Rajinder alikuwa na kiwanda mtaani Handsworth, nyuma ya barabara ya Soho Road. Walitengeneza mashine za maabara, zile zinazofyonza tone la damu au mate na kulisafisha mpaka kibaki kile tu kinachotakiwa kupimwa. Alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake hakikuwahi kushika kutu. Zamani, akiwa katika duka moja la mtaani, alimsikia mwanamume wa Kisomali akigombana na mtu kwenye simu kwa Kiswahili. Akamngoja amalize, akampa kazi ya stoo. Mtu huyo alikuwa Hillow wa Isiolo, babake Nimo. Hillow alipofariki, Mzee ndiye aliyemwendesha mjane wake, Batula, kutoka hospitali hadi msikitini, kutoka msikitini hadi makaburini. Kisha akamwambia Nimo, ambaye ndiyo kwanza amemaliza shule, "Njoo kwangu. Nitakufundisha."

Akamfundisha kweli. Nimo akawa ndiye anayejaribu kila mashine kabla haijauzwa. Alivaa ovaroli nyeupe na kofia ya wavu, akaingia katika chumba kisicho na dirisha, akazilisha mashine maji ya rangi, mekundu na ya buluu, siku nenda siku rudi. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona sampuli ya mtu hata moja. Alitaka kujua damu ni ya nani, na majibu yake yakoje.

Jumatatu alimfuata Mzee katika jiko dogo la kiwanda, akamkuta akichemsha chai ya maziwa na tangawizi.

"Mzee, nilitaka tuongee kidogo."

"Kaa basi. Hata mimi niko na maneno." Akamsogezea kikombe. "Amandeep amepiga simu. Anasema harudi kutoka Kanada, hata nikimwachia kiwanda chote. Mtoto wangu wa kuzaa." Akakoroga chai yake kwa muda mrefu. "Bahati yangu niko na wewe. Ulikuwa unasemaje?"

"Ni mambo ya likizo tu," Nimo akasema.

Jioni mamake alimuuliza kama amesema, na alipoambiwa bado, akaonekana kupumua.

"Afadhali. Mimi ningemtazama vipi yule mzee? Amekukosea nini?"

"Hajanikosea chochote, hooyo. Angekuwa mtu mbaya ningekuwa nimetoka kitambo."

Alhamisi wafanyakazi wote waliitwa ukumbini. Wanunuzi kutoka hospitali mbalimbali walikuwa wamekuja kuona mashine mpya, iliyofunikwa kitambaa. Mzee akakivuta. Ubavuni mwa mashine, kwa herufi za buluu, palikuwa na neno moja: NIMO.

Akawaeleza wageni kwa Kiingereza kwamba katika lugha ya utotoni mwake neno hilo maana yake ni mimi niko ndani. Tena ni jina la msichana aliye kama binti yake. Na msichana huyo mwenyewe, akasema, atakwenda katika kila hospitali itakayonunua, kuifunga mashine na kuwafundisha watu wao, mwaka huu na mwaka ujao na ule unaofuata.

Watu wakapiga makofi. Parminder, fundi wa nyaya, akamsukuma Nimo mbele. Mzee akamwekea mkono begani wakapigwa picha. Nimo alitabasamu mpaka taya zikauma. Kabla ya chakula cha mchana picha ilikuwa imeshafika Isiolo, na shangazi zake walikuwa wakimtumia dua.

Kesho yake alipigiwa simu na hospitali. Akatoka uani, akasimama kati ya makreti matupu. Mwanamke wa upande wa pili alitaka kujua kama anakuja au nafasi apewe mwingine. Nimo akauliza kama wanaweza kumngoja hadi mwaka ujao. Mwanamke akasema, kwa upole, kwamba hawawezi. Kupitia kioo Nimo alimwona Mzee akiifuta ile mashine kwa leso yake mwenyewe.

"Nakuja," alimwambia yule mwanamke.

Akaingia ndani kabla hajaogopa tena.

"Mzee, naacha kazi. Nimepata nafasi hospitalini, ya kujifunza maabara."

Mzee hakuacha kufuta. "Hapa hujajifunza?"

"Nimejifunza kila kitu hapa."

"Ungeniambia mapema."

"Nilijaribu. Kila nikitaka kufungua mdomo, unanipa kitu."

Akakunja leso. "Jina haliwezi kutoka. Si stika hiyo, limeingia kwenye plastiki yenyewe."

"Libaki, Mzee."

"Na Kiswahili nitaongea na nani?"

Mzee akaenda ofisini kwake na kufunga mlango taratibu.

Tangu siku hiyo akawa anamsemesha kwa Kiingereza. Alimsalimu kwa adabu, akamuuliza habari za majaribio, akamshukuru. Kikombe cha Nimo aliendelea kukijaza na kukiacha mezani, lakini chake alikwenda nacho ofisini. Nimo angependelea kelele. Muda wa notisi aliumaliza katika chumba kile kisicho na dirisha, akijaribu mashine zenye jina lake, moja baada ya nyingine, huku akimwelekeza Parminder namna ya kuzijaribu.

Siku ya mwisho wenzake walileta keki. Mzee alikuwa ameshapanda treni kwenda kwake Sutton Coldfield. Parminder alisema Mzee ana mafua. Nimo alisimama mlangoni pa ofisi akiwa amevaa koti mpaka mfagiaji akataka kufunga.

Ndani ya basi la Soho Road alimpigia. Mzee akapokea. Kwa Kiingereza alimshukuru kwa kazi yake na kumtakia mema huko aendako.

"Mzee, hata kwaheri ya Kiswahili hunipi?"

Nimo alisikia televisheni kwa mbali, na pumzi za Mzee. Mzee hakukata simu. Nimo naye hakuweza kukata. Akashuka katikati ya mji, akavuka barabara, akapanda basi la Bordesley Green, simu ingali sikioni.